WANAFUNZI WA AZHAR WALIOPELEKWA KUSOMA KEMIA

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu, darsa la leo ni refu. Kama uko kwenye daladala, lihifadhi ulisome ukifika nyumbani. Wewe mzazi mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne mwaka huu, nakuomba usipite tu na kuacha "Masha Allah". Soma mpaka chini, halafu msomee na mtoto.

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, alinifuata mtu mmoja wa jamaa zangu wa msikitini. Nilimsomesha madrasa tangu juzuu Amma. Leo ni mtu mzima wa miaka arobaini, ana duka la vifaa vya simu, analisha familia yake kwa halali. Akakaa mbele yangu, akasema: "Shekhe, binti yangu amefaulu. Fizikia, kemia na baiolojia zote amefanya vizuri. Anataka PCB, anasema anataka kuwa daktari. Mama yake anataka asome HKL awe mwalimu karibu na nyumbani. Safari hii unasemaje?"

Hilo neno "safari hii" lilinichoma, wallahi. Kwa sababu ipo safari ya kwanza.

Miaka ya mwanzo ya 2000, nikiwa imamu mpya mwenye sauti kubwa na elimu ndogo, nilipanda mimbari Ijumaa moja nikahutubia juu ya dawa. Nilisema mwenye asali na habbasoda hahitaji maabara. Nikasema Waislamu walikuwa madaktari wakubwa wa dunia kabla Mzungu hajaijua hiyo fizikia yake, na wala hawakuisoma. Nikamtaja Ibn Sina. Watu wakaitikia takbir. Kijana huyu alikuwa kidato cha nne, wa kwanza darasani kwao kwenye hesabu na sayansi. Alitoka pale akabadilisha kombi, akachukua masomo ya sanaa. Hakuniambia siku zile. Ameniambia usiku ule, taratibu, bila lawama, kama mtu anayekukumbusha deni ulilolisahau.

Nikamwambia, "Nipe siku kumi." Nikarudi kwenye vitabu. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyakuta, na ndiyo niliyotakiwa kuyajua kabla ya kupanda mimbari siku ile.

Tuanze na huyo huyo Ibn Sina, maana nilimsingizia. Amezaliwa mwaka 370 Hijria (980) karibu na Bukhara, akafa mwaka 428 (1037). Maisha ya ujana wake tunayajua kwa sababu ameyasimulia mwenyewe kwa mwanafunzi wake. Sisi wahubiri tunapenda kipande kimoja tu cha masimulizi yale: kwamba alianza udaktari akiwa na umri wa miaka kumi na sita, na kwamba aliona elimu ya tiba si katika elimu ngumu. Hapo tunasimama, tunapiga takbir, tunashuka.

Lakini rudi nyuma kidogo usome yaliyotangulia. Alihifadhi Qur'ani na kusoma sana adabu ya Kiarabu alipofika miaka kumi. Baba yake akampeleka kwa muuza mboga akajifunze hesabu za Kihindi, yaani hizi tarakimu tunazotumia leo. Zingatia, ndugu yangu: muuza mboga! Mzee hakuona aibu mtoto wake kukaa mbele ya mtu wa sokoni maadamu anajua hesabu. Akasoma fiqhi kwa Ismail Zahid. Akaja mwalimu aitwaye Natili, akamsomesha mantiki, jometri ya Euclid, na kitabu kikubwa cha Ptolemy cha mwendo wa nyota. Akaingia kwenye elimu za maumbile. Baada ya hayo yote ndipo akafungua kitabu cha tiba.

Sasa niambie, kwa nini tiba ilikuwa nyepesi kwake? Mtu aliyepanda ngazi tisa haoni uzito wa ngazi ya kumi. Mimi nilimwonyesha kijana wangu ngazi ya kumi nikamwambia aruke.

Na tusijidanganye kwamba yalianzia kwetu. Vitabu vya tiba vya Galen, Mgiriki aliyeishi kabla ya Uislamu, vilitiwa katika Kiarabu Baghdad katika karne ya tatu Hijria, na mfasiri mkubwa kuliko wote alikuwa Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa Hira. Huyu huyu akatunga kitabu cha maswali na majibu kwa wanaoanza tiba, na Waislamu wakakisoma kwa karne nyingi. Makhalifa walimlipa, hawakumwuliza dini yake kwanza. Nayasema haya kwa sababu najua kuna atakayeandika hapo chini, "Shekhe, kemia ni ya makafiri."

Halafu kuna jambo la usalama wa watu. Mwaka 319 Hijria (931) mtu alikufa Baghdad kwa kosa la mganga. Khalifa Muqtadir akatoa amri kwamba hakuna atakayetibu mpaka atahiniwe na tabibu wake, Sinan ibn Thabit. Waliofika kutahiniwa walikuwa zaidi ya 860 katika mji mmoja. Kwa hiyo mtihani wa kumchuja anayetaka kugusa miili ya watu si uonevu wa Baraza la Mitihani. Ni jambo la kale, na chanzo chake ni maiti.

Nije kwa Imam Ghazali (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Kitabu chake cha Ihya kipo nusu ya misikiti ya pwani, na tunakisoma Ramadhani baada ya Alasiri. Lakini mlango wa elimu tunaupita haraka. Pale pale Imam anasema kwamba tiba na hesabu ni faradhi ya kutoshelezana, yaani mji ukikosa kabisa mwenye kuijua, mji mzima una dhambi. Kisha analalamika, na maneno yake ni makali: anaona miji ambayo haina tabibu isipokuwa asiyekuwa Mwislamu, na hakuna anayeshughulika, huku watu wamejazana kwenye fiqhi na ubishi wa fiqhi, ambako tayari wapo wa kutosha. Na anasema sababu. Tiba haikupi usimamizi wa wakfu, wala mali za mayatima, wala ukadhi, wala cheo cha kuwatangulia wenzako.

Nilipolisoma hilo niliinamisha kichwa. Ghazali hakuwa akimzungumzia Mzungu. Alikuwa akimzungumzia mtu wa aina yangu.

Na katika kitabu kingine, kile alichoeleza safari yake ya kutafuta yakini, anamwonya rafiki mjinga wa Uislamu: yule anayedhani anainusuru dini kwa kukanusha hesabu na kupatwa kwa jua kunakohesabika. Anasema huyo ameidhuru dini, kwa sababu mwenye kuijua hesabu kwa dalili hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Je, vijana wangapi wametukimbia kwa njia hiyo?

Kuna wawili zaidi lazima niwataje, kisha nitaruka karne kadhaa.

Wa kwanza ni Abd al-Latif wa Baghdad. Alikuwa Misri wakati wa njaa kubwa ya mwaka 597 na 598 Hijria (1200 hadi 1202), ambapo watu walikufa kwa maelfu. Akiwasomesha wanafunzi kitabu cha Galen juu ya mifupa, akaona maneno ya kitabu hayawaingii. Wakaambiwa kwamba mahali paitwapo Maqs kuna kilima cha mifupa ya watu. Wakaenda. Galen alikuwa amesema taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Abd al-Latif akatazama kichwa kimoja, kingine, na kingine, akapita mafuvu zaidi ya elfu mbili, na kila mara akakuta mfupa mmoja usio na kiungo. Akaandika kwamba Galen ni mkubwa, lakini ushahidi wa macho una nguvu kuliko yeye.

Hiyo ndiyo maabara, ndugu zangu. Haina lazima ya bomba la gesi na koti jeupe. Ni kwenda kutazama jambo lenyewe badala ya kukariri alichosema mkubwa.

Wa pili ni Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 Hijria (1288). Sisi wa pwani ni Mashafi, basi fahamu kwamba huyu ni mtu wa madhehebu yetu. Alisomesha fiqhi ya Shafi katika madrasa ya Masruriyya, na Subki amemweka katika kitabu chake cha tabaka za maulamaa wa Kishafi. Mtu huyo huyo, akiisherehesha sehemu ya maumbile ya mwili katika Kanuni ya Ibn Sina, akasema damu haipiti kwenye ukuta wa katikati ya moyo, kwa sababu ukuta ule ni mzito na hauna tundu. Lazima damu itoke upande wa kulia, iende mapafuni, ichanganyike na hewa, irudi upande wa kushoto. Galen alisema kinyume, na Ibn Sina alimfuata Galen. William Harvey wa Uingereza alikuja kuueleza mzunguko wote wa damu mwaka 1628. Na sisi tuliyasahau maneno ya Ibn al-Nafis kiasi kwamba mwaka 1924 daktari kijana wa Kimisri, Tatawi, ndiye aliyeyafukua kwenye hati ya maktaba ya Berlin akiwa anasoma Ujerumani. Nyumba yake na vitabu vyake Ibn al-Nafis aliviacha wakfu kwa hospitali ya Mansuri. Sisi wakfu zetu nyingi ni mabusati na feni. Si vibaya, lakini tuseme kweli.

Sasa naruka hadi Misri ya Muhammad Ali Pasha, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipopata jibu la yule mzazi.

Pasha alikuwa na jeshi kubwa, na askari wake walikuwa wakifa kwa maradhi. Mwaka 1825 akamleta daktari Mfaransa, Antoine Clot, ambaye baadaye aliitwa Clot Bey. Mwaka 1827 ikafunguliwa shule ya udaktari Abu Za'bal, kaskazini ya Cairo, ubavuni mwa hospitali ya jeshi. Walimu wakaletwa kutoka Ulaya. Swali likawa: wanafunzi watatoka wapi? Nani katika Misri ya wakati ule alikuwa anajua kusoma na kuandika Kiarabu barabara, anaweza kukaa kitako saa nyingi mbele ya mwalimu, na ana kifua cha kuhifadhi?

Wakachukuliwa kutoka Azhar. Wapatao mia moja. Vijana wa Qur'ani, nahau na fiqhi, vilemba vyao kichwani.

Watazame, ndugu yangu. Wana akili, wana adabu ya kujifunza, wana kumbukumbu. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma kemia, fizikia, mimea, wala elimu ya viungo. Walimu hawajui Kiarabu, wanafunzi hawajui Kifaransa. Katikati yao wakawekwa wafasiri, kama Anhuri, Mkristo wa Sham. Somo linatafsiriwa, wanafunzi wanaandikishwa, kisha walio hodari wanawarudisha wenzao darasani mpaka liingie. Yaani halqa! Njia ile ile ya msikitini, lakini kinachozungumzwa ni tindikali na mishipa. Na vitabu vilipotafsiriwa, mashekhe wakawekwa kusahihisha Kiarabu chake. Mmoja wao ni Muhammad ibn Umar wa Tunis, yule aliyesafiri Darfur na kuandika safari yake; alikaa na Perron, Mfaransa aliyesomesha kemia na fizikia, wakakitoa kitabu cha kemia kwa Kiarabu. Shekhe alilazimika kutafuta majina ya vitu ambavyo Kiarabu hakijawahi kuvitaja, na aliingia kwenye vitabu vya wazee kuyatafuta.

Halafu likaja jambo zito, kupasua maiti ili kujifunza viungo. Watu walichukia, na ninaelewa kwa nini; heshima ya maiti katika dini yetu si jambo dogo. Clot akazungumza na maulamaa, na mwishowe jambo likaachwa liendelee kimya kimya. Wapo wanafunzi ambao hawakuridhika. Clot mwenyewe amesimulia kwamba siku moja, akiwa anasomesha juu ya maiti, mwanafunzi alimrukia na jambia akamjeruhi. Alifunga jeraha, akamaliza somo.

Sitaki kukupambia. Shule ile ilikuwa ya jeshi, na Pasha alikuwa mtu wa mabavu. Waliokuwa wakikamatwa vijijini kupelekwa jeshini hawakuulizwa. Lakini nitazame matunda kwa vijana wale. Mwaka 1832 Clot aliwachukua kumi na wawili bora akawapeleka Paris. Wakatahiniwa mbele ya madaktari wakubwa wa Ufaransa, wakapita, wakabaki kusoma, wakarudi kusomesha badala ya Wazungu. Shule ikahamia Qasr al-Ayni, Cairo, mwaka 1837, na ipo mpaka leo. Mmoja wa wale kumi na wawili, Ibrahim al-Nabarawi, imesimuliwa kwamba wazazi wake walimtuma Cairo kuuza matikiti, akapata hasara, akaogopa kurudi nyumbani, akaingia Azhar. Kutoka Azhar akachaguliwa Abu Za'bal, kutoka hapo Paris, na akawa tabibu wa Pasha mwenyewe. Mwingine, Muhammad Ali al-Baqli, akawa mkuu wa shule na akatoa jarida la tiba kwa Kiarabu mwaka 1865.

Nani alisema mtoto wa madrasa hawezi sayansi? Nilisema mimi. Historia inasema alipewa maabara na mwalimu, akaweza.

Sasa sikiliza hili la mabinti. Mwaka huo huo wa 1832 ikafunguliwa shule ya wakunga wa kike. Pasha alitaka wanawake watakaoweza kuzalisha, kuchanja watoto ndui, na kuwatazama wanawake ambao hawatamkubali daktari mwanamume. Ni haja ya kisheria kabisa. Kila shekhe angeiunga mkono. Je, wazazi walileta binti zao? Hawakuleta. Hata mmoja. Ikabidi waletwe wasichana watumwa, Wahabeshi na Wasudani, walionunuliwa, wakaanza kufundishwa kusoma na kuandika kwanza, kisha hayo mengine. Watu walitaka mke wake azalishwe na mwanamke mjuzi, lakini mjuzi huyo awe binti wa mtu mwingine. Binti asiye na baba wa kumkatalia.

Nimeisoma habari hii mara nyingi mno wiki hizi. Kila mwezi napigiwa simu na mume: "Shekhe, mke wangu kapangiwa daktari mwanamume, hukumu yake nini?" Namjibu hukumu. Sijawahi kumwuliza binti yake anasoma kombi gani.

Huko Ulaya na Marekani nako mambo yalikuwa yakipangwa, nitapita haraka. Mwaka 1893 Ufaransa iliweka cheti cha fizikia, kemia na elimu ya viumbe, ambacho mwanafunzi lazima akipate kabla ya kuanza udaktari. Mwaka 1934 kikabadilishwa kikaitwa PCB. Ndiyo, herufi zile zile, ingawa sisi zetu tumezipata kwa Waingereza. Mwaka huo huo wa 1893 ilifunguliwa shule ya udaktari ya Johns Hopkins, Marekani, wakati shule nyingi za huko zilikuwa zinachukua yeyote mwenye ada. Hopkins wakataka shahada kwanza, yenye kemia, fizikia na baiolojia ndani yake. Na unajua nani alisukuma sharti hilo? Mwanamke, Mary Elizabeth Garrett. Shule ilikuwa imekwama kwa kukosa fedha, yeye akatoa zaidi ya dola 300,000 kwa masharti mawili: wanawake waingie sawa na wanaume, na kiwango cha kuingia kiwe cha juu. Darasa la kwanza lilikuwa la watu kumi na wanane, watatu wanawake. William Osler, profesa pale, alikuwa akitania kwamba bahati yao waliingia kama walimu, kwa sababu kama wanafunzi wasingepata nafasi.

Mwaka 1910 Abraham Flexner alizikagua shule za udaktari 155 za Marekani na Kanada, akataka zote zifuate njia hiyo. Shule dhaifu nyingi zikafungwa. Wagonjwa walinufaika. Lakini shule saba za watu weusi zilibaki mbili, Howard na Meharry, na kijana mweusi wa kusini ambaye sekondari yake haina maabara akakuta mlango umefungwa kwa kufuli ambalo hakuwahi kuonyeshwa ufunguo wake. Mlango wa sayansi ndivyo ulivyo. Unamlinda mgonjwa, na unamfungia nje ambaye hakuandaliwa. Yote mawili kwa pamoja.

Na kwetu?

Kwetu, Mwingereza naye alikuwa na mtihani wake wa kwanza wa udaktari: fizikia, kemia, baiolojia. Baadaye kidato cha sita kikachukua nafasi ya mtihani ule, na urithi wake ndio hii PCB. Tanganyika haikuwa na chuo cha udaktari. Vijana wachache walikwenda Makerere. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee wetu waliogopa watoto wasibatizwe. Hofu ile haikuwa ya kijinga, wapo waliobadilishwa majina. Wajerumani waliweka shule ya serikali isiyo ya dini pale Tanga miaka ya 1890, na watoto wa Kiislamu waliisoma kwa wingi, lakini ilitoa makarani na maakida, haikuwa njia ya udaktari. Uhuru ulipofika, hesabu iliyokuwa ikitajwa na Mwalimu Nyerere ni madaktari 12 wazalendo kwa nchi nzima. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kikaanza mwaka 1963, na leo ndicho Muhimbili.

Mimi nilisoma sekondari miaka ya themanini. Shule yetu siitaji. Kulikuwa na chumba kimeandikwa "Maabara" mlangoni, ndani magunia ya mahindi ya wanafunzi wa bweni. Bureti niliiona imechorwa ubaoni kwa chaki. Tulikuwa tunafanya mtihani mbadala wa vitendo, yaani unaeleza kwa maneno jaribio ambalo hujalifanya. Nilijua kukariri, basi nikakariri rangi zinavyobadilika bila kuziona. Nilipopata F ya fizikia nilisema sayansi si ya Waislamu. Nadhani hutuba yangu ile ilitoka kwenye F ile kuliko kwenye kitabu chochote cha dini.

Nikuambie mzazi mambo ambayo siku kumi hizi zimenifunza, kwa kuwauliza walimu na vijana wetu walioko vyuoni. Udaktari wa shahada hapa Tanzania unataka ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita, vyote vitatu. CBG haitoshi. Ina kemia na baiolojia, lakini badala ya fizikia ina jiografia, na nimekutana na binti aliyelijua hilo baada ya kumaliza. Hata diploma ya utabibu, ambayo ni njia nzuri kwa aliyeishia kidato cha nne, inataka fizikia, kemia na baiolojia. Na hilo somo letu la dini, Maarifa ya Uislamu, hawalihesabu katika sifa za kujiunga. Nililichukia nilipolisikia, lakini ndivyo ilivyo. Mtoto asilitegemee kujazia hesabu ya masomo.

Atauliza mtu, fizikia ya nini kwa daktari? Presha unayopimwa mkononi ni fizikia, mgandamizo wa kimiminika katika bomba. Picha ya mfupa ni fizikia. Na chukua dripu. Maji ya dripu ya chumvi yana gramu 9 za chumvi kwa lita moja. Ukiweka maji matupu kwenye mshipa, chembe nyekundu za damu zinanyonya maji, zinavimba na kupasuka. Ukizidisha chumvi, zinasinyaa. Kwa nini tisa? Hapo kemia na baiolojia zinakutana, na mtu asiyeelewa "kwa nini" ndiye aliyemponza mgonjwa wa Baghdad mwaka 319.

Sikukanusha asali, ndugu yangu. Naila kila asubuhi. Nilichokosea ni kuitumia kumzuia mtoto asisome.

Siku ya kumi nilikwenda mwenyewe dukani kwake. Nilimwomba radhi kwanza kwa ile safari ya kwanza, mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri chaja. Akasema, "Yameshapita, Shekhe." Hayajapita, lakini ana adabu. Kisha nikamjibu: mwache binti asome PCB. Akaniambia hofu ya mama si sayansi, ni bweni la mbali. Nikaona ni hofu ya haki, tukamwendea mama nyumbani, tukakaa naye. Hajakubali moja kwa moja. Amesema anataka kuiona shule kwanza, na jumamosi ya kesho kutwa baba atampeleka. Dirisha la kubadilisha kombi bado liko wazi siku chache.

Kwa upande wetu, madrasa yetu kuanzia mwezi huu inatoa chumba kimoja, jumamosi na jumapili, kutoka baada ya Adhuhuri hadi Alasiri, kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wa dini yoyote. Mwalimu wa fizikia tumempata, mstaafu. Wa kemia ni kijana anayesomea ufamasia, atakuja akiwa likizo. Meza zipo, maji yapo. Bureti tumepata nne na vishikio vyake. Mizani ya kupimia gramu hatuna. Mwenye nayo, au anayejua inapouzwa kwa bei ya wastani, aniandikie ndani ya ujumbe, asiandike kwenye maoni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.